Mtaka cha Uvunguni Sharti Ainame: Kulinda Chasisi ya Lori Isiliwe na Kutu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati, mameneja, madereva na mafundi wa vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kutu. Pengine wako miongoni mwetu wanaojiuliza kwa nini mkutano wa kujiandaa kwa msimu wa korosho utumie muda wake kwa jambo la gereji. Jibu langu ni fupi. Korosho haina miguu. Gunia likishafungwa na kupimwa kijijini, thamani yake yote inategemea gari litakalolifikisha ghalani salama, na gari hilo limesimama juu ya boriti mbili za chuma ambazo wengi wetu hatujawahi kuinama tukazitazama.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, ilijenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo mzigo wa mkulima wa huku umebebwa na lori. Mpango ule ulituachia pia funzo jingine. Mitambo yake mingi ilikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili: matrekta yaliyonunuliwa Ufilipino kutoka akiba ya jeshi la Marekani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Muda si mrefu mengi yakasimama. Anayenunua chombo kilichotumika bila kukichunguza hununua pia maradhi yake. Nasi leo, chama kinaponunua lori lililotumika, mara nyingi tunatazama rangi ya kebini na kusikiliza mlio wa injini, kisha tunatia saini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndugu zangu. Na anayetaka kujua umri wa kweli wa gari naye lazima ainame.

Kutu ni nini?

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja hubadilika na kurudi katika hali inayofanana na udongo kilimotoka. Maji peke yake bila hewa hayatoshi, na hewa kavu peke yake haitoshi. Kwa hiyo kazi yetu yote ni kuvitenganisha vitatu hivyo: chuma, maji na hewa. Bati la alumini nalo hushikwa na hewa, lakini utando wake hushikamana na kulikinga. Utando wa kutu ya chuma haukingi kitu. Una vinyweleo, hunyonya maji, humomonyoka, na chini yake chuma kipya huanza kuliwa. Ndiyo maana kutu iliyopakwa rangi juu yake haijafa, imefichwa tu.

Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota kati ya mabati mawili yaliyobanwa kwa ribiti, huyasukuma yaachane kama mzizi wa mti unavyopasua ukuta. Mkiona mabati ya chasisi yamefura na ribiti zimevutika, jueni kwamba ugonjwa ni wa siku nyingi.

Hapa kwetu adui huyu ana marafiki wanne. Wa kwanza ni tope. Udongo wetu mwekundu, na hasa mfinyanzi mweusi wa mabondeni, hushika uvunguni na kukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, mithili ya kitambaa chenye maji kilichofungwa juu ya chuma. Wa pili ni chumvi. Lori linaloshusha mzigo Mtwara au Lindi hupigwa na upepo wa bahari, na lori linalorudi na magunia ya chumvi ya pwani hurudi na adui bodini. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuharakisha ulaji wa chuma hata siku isiyo na mvua.

Rafiki wa tatu ni salfa. Sisi sote tunaitegemea salfa ya unga kuzuia ubwiriunga katika mikorosho. Lakini unga uliomwagika bodini ukapenya kwenye nyufa, ukilowa na kukaa, hushambuliwa na bakteria wanaougeuza polepole kuwa tindikali. Mbolea za chumvichumvi nazo zina tabia ya kula chuma. Hivyo lori lililobeba pembejeo lifagiliwe siku ileile, kisha lioshwe. Rafiki wa nne, ambaye ni mkubwa kuliko wote, ni kauli yetu wenyewe isemayo, “Hilo ni gari la chama.” Kikulacho ki nguoni mwako.

Mahali kutu inapojificha

Dereva asiridhike kuzunguka gari akiwa amesimama. Atazame mahali boriti ndefu za chasisi zinapokutana na mihimili ya kukingama. Atazame vishikio vya springi, ambavyo hubeba uzito wote wa mzigo, na sehemu bodi inapokalia chasisi, kwani mbao zilizowekwa pale hunyonya maji na kuyahifadhi. Atazame ndani ya matopeo, chini ya kebini na chini ya betri, ambako tindikali hudondoka. Kwa nyundo ndogo agonge chasisi taratibu: chuma kizima huitika kwa sauti kali, na chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa na kuacha magamba. Mabomba ya breki hayagongwi. Yanafutwa kwa kitambaa na kutazamwa.

Naomba tukae kidogo kwenye mabomba hayo, maana hapa hatuzungumzii fedha tu. Bomba la mafuta ya breki ni jembamba. Kutu isiyoitia boriti ya chasisi aibu yoyote yatosha kulitoboa bomba hilo. Nalo halitoboki gari likiwa limepumzika. Hutoboka dereva anapokanyaga kwa nguvu, yaani kwenye mteremko, gari likiwa limejaa, na utingo amekaa juu ya magunia. Bomba lililovimba, lenye magamba au lenye unyevu wa mafuta lisisubiri kikao cha kamati. Gari lisimame, bomba libadilishwe.

Vivyo hivyo matangi ya hewa. Hewa inayoshindiliwa na kompresa huingia na unyevu, na unyevu huo hugeuka maji chini ya tangi na kulila kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Dawa yake haina gharama: kila siku, baada ya kazi, dereva afungue kizibo cha chini na kuyatoa maji.

Kuhusu oili chafu

Katika gereji zetu imezoeleka kupuliza uvungu kwa oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Sitaki kuwadharau mafundi wenye desturi hiyo. Ni kweli kwamba mafuta yoyote hukizuia maji kwa muda. Lakini tupime faida na hasara. Oili iliyokwisha kazi katika injini imebeba tindikali na masizi. Ikifika kwenye mpira wa hozi za breki na bushi za springi huulainisha na kuuharibu. Ikifika kwenye bitana za breki, gari halisimami. Hushika vumbi la barabara na kufanya utando mzito unaoficha nyufa. Huteremka ardhini na kuingia visimani, na kwa ngozi ya fundi anayeishika kila siku ni sumu inayoweza kuleta saratani. Oili chafu iwekwe pipani na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya.

Lami nayo ina hila yake. Ikipakwa juu ya chuma kikavu na safi hukinga vizuri mwanzoni. Ikizeeka hukakamaa na kupasuka. Maji hupenya katika ufa na kubaki chini yake, na kutu hula kwa raha nyuma ya pazia. Anayetumia lami lazima aikague kila mwaka na kukwangua palipoachana.

Kazi yenyewe

Wakati mzuri wa kazi kubwa ni kiangazi, baada ya pirika za ufuta na kabla ya minada ya korosho inayoanza mwezi Oktoba. Jua ni kali na chuma hukauka upesi. Utaratibu ni huu.

Kwanza, gari lioshwe uvunguni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tope lote liondolewe, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Lisioshwe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za kulinda kingo za mito na vyanzo vya maji, na maji hayo ndiyo tunayokunywa. Baada ya kuosha, nipeli zote zitiwe grisi mpya, kwa sababu maji ya nguvu huingia hadi kwenye viungo.

Pili, gari likauke juani siku nzima au zaidi. Rangi inayopakwa juu ya unyevu ni kazi bure.

Tatu, gari litegemezwe kwa magogo imara au vyuma vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na magurudumu yakingwe. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka magamba yaishe. Fundi avae miwani na kufunika pua. Mahali palipobaki madoa yasiyotoka, dawa yenye tindikali ya fosforiki hugeuza kutu kuwa utando mgumu usioendelea kula. Itumike kwa glavu na kwa kufuata maelezo ya chupa.

Nne, ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili, kila mkono ukikauka kabla ya mwingine, kisha rangi ya juu. Mwisho, ndani ya pembe na mapango ambayo brashi haifiki, ipulizwe nta ya kukinga magari au ipakwe grisi nzito. Nta haikakamai kama lami, na ikikwaruzwa kidogo huweza kujiziba yenyewe.

Visipakwe chochote: ngoma na hozi za breki, bushi za mpira, bomba la moshi, viungo vya propela, wala namba ya chasisi.

Kama chuma kimeliwa mpaka kimekuwa chembamba, rangi si dawa. Wala asiitwe mchomeleaji yeyote wa kando ya njia abandike bati. Moto wa kuchomelea huweza kudhoofisha chuma cha chasisi, na huunguza rangi ya upande wa pili ambako kutu mpya itaanza. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua magari mazito, naye aanze kwa kukata waya za betri.

Wajibu wa kamati

Ndugu wajumbe, fundi hawezi kununua rangi kwa maneno. Katika makisio ya mwaka kuwe na kifungu cha matengenezo ya kinga, kitengwe mapema na kisihamishwe. Lori lilinunuliwa kwa makato ya kila kilo ya mwanachama; ni haki yake kusikia katika mkutano mkuu siyo tu kwamba gari lipo, bali hali yake uvunguni ikoje. Kuwe na daftari la gari linaloonyesha tarehe ya kuoshwa, kukaguliwa na kupakwa rangi, pamoja na saini ya dereva na ya mjumbe mmoja aliyeinama akaona kwa macho yake.

Vyama visivyo na lori visidhani maneno haya hayawahusu. Mnapokodi gari la mtu binafsi, mzigo ni wenu. Kabla gunia la kwanza halijapanda, meneja na mjumbe mmoja walikague: mabomba ya breki, vishikio vya springi, na sakafu ya bodi. Bodi iliyotoboka kwa kutu hupitisha maji ya matairi mpaka kwenye magunia, na korosho iliyolowa hushuka daraja. Gari likiwa bovu, likataliwe. Bei nafuu ya kukodi haijawahi kumfariji mjane wa utingo.

Nimalizie kwa jambo litakalowapendeza wakulima. Ganda la korosho lina mafuta makali, yale yanayounguza vidole vya wabanguaji. Viwandani mafuta hayo husafishwa na kutumika katika bitana za breki, na pia katika rangi nzito za kukinga meli na kutu ya bahari. Yasipakwe yakiwa mabichi. Yataunguza ngozi za watu wetu. Lakini ni vema tujue kwamba katika zao letu wenyewe imo kinga ya vyuma vya wenzetu walio mbali. Tunapojadili kubangua korosho hapa nyumbani badala ya kuzisafirisha na maganda yake, hilo nalo litiwe katika hesabu.

Kwa hiyo naomba kila chama kitoke hapa na maazimio matatu: kwamba kila lori litakaguliwa uvunguni kabla ya mnada wa kwanza, kwamba mabomba ya breki yenye kutu yatabadilishwa bila kusubiri, na kwamba daftari la gari litasomwa katika mkutano mkuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni ghali.

Sasa nawakaribisha mafundi waulize maswali, na madereva watueleze barabara zao.