Mvumaji Mwekundu wa Juan Fernández

Leo tunakwenda mbali, Bahari ya Pasifiki, kwenye kisiwa cha Robinson Crusoe, kimoja cha visiwa vya Juan Fernández, kilomita 670 hivi kutoka pwani ya Chile. Huko anaishi ndege mvumaji asiyezaliana pengine popote duniani. Afrika hatuna wavumaji. Mnyonya maua wetu ni chozi, naye kwa kawaida hutua tawini ndipo anywe. Mvumaji hunywa akiwa hewani, mbawa zikivuma.

Dume ana rangi ya kutu, utosi ukimeremeta kama kaa la moto, na uzito wake ni gramu 11 tu. Jike ni kijani-buluu mgongoni, mweupe tumboni. Wanatofautiana hivi kwamba wataalamu wa zamani waliwaandika kuwa ndege wa aina mbili!

Balaa lake lilikuja na meli. Mabaharia walishusha mbuzi ili wakipita tena wapate kitoweo. Panya walishuka bila kualikwa. Alexander Selkirk, baharia aliyeishi huko peke yake kuanzia 1704 hadi 1709, alitafunwa miguu na panya usingizini, mpaka akawazoeza paka walale naye wamlinde. Selkirk walimfaa. Mvumaji walimponza, kwani maua mengine huchanua chini, paka anapofika kwa kunyata.

Lakini adui ninayemwogopa zaidi hana makucha. Ni mmea wa miiba uitwao zarzamora. Mti mkubwa ukianguka msituni, jua hupenya, na zarzamora huwahi pengo lile kabla mche wa luma haujainuka. Na luma ndio mti ambao mvumaji hupenda kujengea kiota. Ukifyeka zarzamora leo, itachipua tena, kwa hiyo wahifadhi hulazimika kurudi palepale, kung'oa na kungoja miche ya asili ishike. Kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1935, ila tangazo la serikali halipalilii msitu.

Kisiwa jirani, Alejandro Selkirk, nacho kilikuwa na mvumaji huyu. Mara ya mwisho kuonekana huko ilikuwa 1908.

Basi, msikilizaji, ukivuka kwenda kisiwa chochote, hata Pemba au Mafia, kung'uta viatu, kagua mzigo, na usibebe mbegu wala mnyama wa kuachia huko.