Moto chini, moto juu: mkate wa vikopo

Dominika ya 3 ya Pasaka, Mwaka C
Masomo: Mdo 5:27-32, 40-41, Ufu 5:11-14, Yn 21:1-19



Leo Mwinjili Yohane anatupeleka ufukoni mwa bahari ya Tiberia, alfajiri. Wanafunzi saba wamekesha usiku kucha wala hawakupata kitu. Mtu mmoja amesimama nchi kavu, nao hawamtambui. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume, na wavu unajaa samaki wakubwa 153. Wanaposhuka chomboni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mshindi wa mauti, anayesifiwa na malaika wote katika somo la pili, amewaandalia rafiki zake chakula cha asubuhi.

Sisi tunaokaa kandokando ya Ziwa Viktoria hatuna haja ya kufasiriwa sana habari hiyo. Katika mialo yetu, tangu Kirumba, Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Kome na Ukerewe, wavuvi wa dagaa huingia ziwani katika usiku usio na mbalamwezi, huvua kwa taa, na kurudi kunapopambazuka wakiwa na baridi na njaa. Na ufukoni hukuta moto, na kando ya moto akina mama wenye chai na mkate.

Tutazame jinsi mama mmoja asiye na tanuri anavyouoka mkate ule, maana kazi yake ni fundisho. Ana sufuria kubwa, makaa, na vikopo vitupu vya nyanya na vya maziwa ya unga, vilivyooshwa vizuri. Hukanda unga wa ngano kwa maji ya vuguvugu, chumvi, sukari kidogo na hamira, kisha huufunika kwa kitambaa mpaka uumuke. Hupaka mafuta ndani ya vikopo na kutia donge hadi nusu tu ya kila kimoja, kwa kuwa akijaza hadi ukingoni, unga ukiumuka tena utafurika. Ndani ya sufuria hutandaza mchanga mkavu, ili ukali wa moto usiviguse vikopo moja kwa moja, bali joto lienee polepole. Huvipanga juu ya mchanga, hufunika kwa sinia la bati, na juu ya sinia huweka makaa mengine. Moto chini, moto juu. Upepo wa ziwani huukinga kwa mawe. Baada ya muda wa nusu saa hivi huchoma mkate kwa kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, umeiva.

Je, kwa nini vikopo vingi vidogo, wala si donge moja kubwa? Kwa sababu moto wa uwanjani haulingani na wa tanuri: hapa ni mkali, pale ni hafifu. Donge kubwa huungua nje, likabaki bichi ndani. Donge dogo hufikiwa na joto mpaka moyoni.

Ndugu wapendwa, hilo ndilo walilolitambua maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Parokia ya maelfu ya waamini ni donge kubwa. Mtu aweza kuja Misa kila Dominika kwa miaka ishirini, akapata rangi ya Mkristo kwa nje, na ndani akabaki mbichi: hajasamehe, hajashiriki, hajui hata jina la jirani yake mgonjwa. Lakini katika jumuiya ya nyumba chache, Neno la Mungu humfikia kila mmoja mahali alipo. Nanyi makatekista, msikijaze kikopo hadi ukingoni. Mpeni mkatekumeni kiasi anachoweza kupokea, na mwache nafasi ya Roho Mtakatifu kuumua.

Tuangalie pia jambo hili. Bwana tayari alikuwa na samaki motoni. Hata hivyo akawaagiza walete na wale waliowavua wao. Hakuwa na upungufu, bali alitaka jasho lao liwepo katika karamu yake. Basi asiwepo mtu wa kusema, “Mimi ni maskini, sina chombo cha kumtumikia Mungu.” Kopo lililotupwa jalalani, likisafishwa, limeoka mkate uliowalisha wenye njaa.

Sasa tuukaribie moto wenyewe. Katika lugha ya Kigiriki, neno ambalo Yohane analitumia kwa moto huu wa makaa limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara ya kwanza ni katika ua wa Kuhani Mkuu, usiku ule wa baridi, Petro alipoota moto pamoja na watumishi na kukana mara tatu kwamba yeye si mfuasi wa Yesu. Mara ya pili ni hapa. Bwana hakumkemea Petro mbele ya wenzake. Alimwasha moto wa namna ile ile, akamlisha kwanza, ndipo akamwuliza mara tatu juu ya upendo. Na kila Petro alipokiri upendo wake, hakupewa sifa, alipewa kazi: kulichunga kundi.

Nani basi yumo katika kundi hilo hapa kwetu? Yumo bibi kizee aliyepuliza moto kwa miaka arobaini na zaidi, akiwapikia watoto na wajukuu kwa kuni zenye moshi, na mahali kuni zilipoadimika, kwa kinyesi cha ng’ombe kilichokaushwa. Moshi ule umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Nasi twajua, kwa huzuni kubwa, kwamba katika Usukuma wetu, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, tangu miaka ya 1970 na hata baadaye, akina bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma ya uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ndiyo ushahidi. Mpiga ramli ananong’ona, shamba linatamaniwa, kijiji kinanyamaza.

Tafakarini, ndugu zangu. Macho yale yaliwiva kwa moshi wa chakula chetu. Tumekula mkate, tukamwita mchawi yule aliyetuokea.

Inapotokea minong’ono ya namna hiyo, Mkristo anayejua na kukaa kimya ameketi kuota moto katika ua wa Kuhani Mkuu, akisema kwamba hamjui mtu huyu. Lakini Mitume katika somo la kwanza, wakitishwa na wakuu, walishika kwamba amri ya Mungu hutangulia amri ya wanadamu, wakaondoka wakifurahi ingawa walikuwa wamepigwa. Basi kila jumuiya iwatafute wiki hii akina bibi na akina babu wanaoishi peke yao. Tuwapelekee kuni kavu na chakula, tuwafikishe zahanati watibiwe macho. Asiwepo Mkristo anayekwenda kwa mpiga ramli kutafuta wa kulaumiwa kwa kifo au ugonjwa. Na mtu akitishwa, habari ifike mapema kwa uongozi wa kijiji na polisi, kabla ya mapanga kufika mlangoni pake.

Mkate unahitaji moto wa chini na wa juu. Moto wa juu ni neema ya Mungu, tunayoipokea katika Neno na Ekaristi. Moto wa chini ni upendo wetu kwa jirani. Ukikosekana mmoja, mkate hauivi.

Ee Bwana Mfufuka, uliyewangoja rafiki zako ufukoni, utungoje nasi. Utuive mpaka moyoni, utufanye chakula cha wenye njaa na ngao ya wanaoonewa. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama yetu. Amina.