Kutoa Gia Mteremkoni Hakuokoi Mafuta

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye magari nchini Tanzania hutega masikio. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la dunia, lita moja ya petroli jijini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000. Bei hiyo dereva haipangi yeye. Kilicho chini ya mguu wake ni kiasi cha mafuta anachochoma.

Ipo mbinu moja iliyoota mizizi barabarani. Dereva anatoka Iringa kuelekea Morogoro, na akifika mteremko wa Kitonga anatoa gia, anaweka fri, gari linateremka lenyewe. Anaamini kwamba hapo hachomi kitu. Enzi za kabureta imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Kwa magari ya injekta, kama hizi Toyota IST na Noah zilizojaa mitaani, mambo ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukitoka kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kompyuta ya gari hutambua hivyo na kuzifunga injekta, mafuta yasiingie kabisa. Likiwekwa fri, injini haina tena wa kuizungusha, kwa hiyo inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike.

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba breki zinaachiwa mzigo wote, zinapata moto, kisha hazishiki. Wapo pia wanaozima injini kabisa: usukani unakuwa mzito na breki zinakosa nguvu ya kuzisaidia. Pale Kitonga, penye kona kali na malori ya shehena yanayopanda na kushuka usiku na mchana, kosa la namna hiyo linagharimu roho za watu. Gia ndogo ndiyo salama, na ndiyo nafuu.

Akiba ya kweli imo katika mwendo. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari linalotoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110 hukutana na upepo wenye nguvu karibu mara mbili. Mjini adui ni papara: dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu, halafu anafunga breki mita chache mbele, nyuma ya daladala iliyosimama. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji huo, kwenye barabara za kusimama na kuondoka, hupunguza umbali ambao gari hupata kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 40. Hakuna fundi wa gereji anayeweza kurudisha kiasi hicho kwa spana.

Keria tupu juu ya paa nayo hukamata upepo; ishushwe ikiwa haina kazi.

Kisha kuna zile chupa za dawa na vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo, na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote. Fedha hiyo ni bora iende kwenye sevisi na oili ya daraja sahihi.

Tairi zenye upepo pungufu nazo hula mafuta. Msikilizaji, kesho asubuhi, tairi zikiwa bado za baridi, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha upepo. Magari mengi ya Japani huandika kwa kilopaskali: 220 ni sawa na 32 kwenye geji ya PSI. Mwambie mjaza upepo namba iliyo kwenye kibandiko chako, usimwachie akisie, na urudie kila mwezi.