Jua Halina Kosa, Kioo Ndicho Chembamba
Mei 2019, mvua ya mawe iliharibu paneli za sola zaidi ya 400,000 katika shamba la Midway, Texas, Marekani. Watakaoilaumu sola yenyewe, na wapo, wakague kioo kwanza. Kipimo cha kawaida ni kuipiga paneli kwa donge la barafu la milimita 25. Mawe ya Texas yanaweza kupita 50, na donge lenye upana maradufu lina uzito mara nane! Isitoshe, paneli nyingi mpya zina kioo cha milimita 2 badala ya 3.2. Mota zinaweza kuziinamisha paneli ili mawe yateleze, lakini upepo mkali mara nyingi hutaka zilazwe. Dhoruba huja na vyote viwili, na mwendeshaji ana dakika chache za kuchagua.