Kabla ya Kijiko, Tuangalie Kinywa

(Mazungumzo na wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo na wahudumu wa afya wa vijiji)



Leo nimeombwa niseme juu ya kinywa. Mtu anaweza kuuliza, kinywa nacho kina maneno gani? Lakini ninyi mnaolisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo mnajua. Saa ya kula ni saa ya vita. Uji unamwagika, mtoto anapaliwa, mama anachoka, na mtoto anazidi kukonda. Wengine huugua kifua kila mara. Tunatibu nimonia, tunasahau kuuliza mtoto analishwaje.

Kumeza si jambo dogo. Midomo hufunga, ulimi hukusanya chakula na kukisukuma nyuma, kaakaa laini hupanda kuziba njia ya pua, na kikoromeo huinuka ili njia ya pumzi ifungwe. Kimoja kikishindwa, chakula kinaweza kuelekea mapafuni. Na viungo hivi hivi ndivyo tunavyotumia kusema. Ndiyo sababu mtaalamu wa matamshi huchunguza kula na kusema pamoja.

Basi anaangalia nini? Mengi hata wewe unaweza kuyaona nyumbani.

Kwanza, mtazame mtoto akiwa ametulia. Je, kichwa kinasimama? Midomo inakutana? Udenda unamtoka sana? Uso uko sawa pande zote mbili? Tazama na ndani: jino bovu au kidonda peke yake kinaweza kumfanya mtoto akatae chakula.

Pili, tazama viungo vikitembea. Mtoto anayeelewa, mwambie atoe ulimi, aupeleke kulia na kushoto, ajaze hewa mashavuni. Aseme "aaa" uone kaakaa likipanda. Kisha aseme "pa-pa-pa", hiyo ni kazi ya midomo. "Ta-ta-ta", ni ncha ya ulimi. "Ka-ka-ka", ni ulimi wa nyuma. Asiyeelewa usimlazimishe. Mpake uji kidogo pembeni mwa mdomo, uone kama ulimi utaufuata.

Tatu, mtazame akila. Hapa ndipo penye ukweli. Mtoto anaweza kushindwa kutoa ulimi akiambiwa, lakini uji ukiwa mdomoni akauramba vizuri tu. Kila kazi hupimwa kwa kazi yenyewe: kula kwa kula, kusema kwa kusema. Weka vidole polepole kooni usikie kama kikoromeo kinapanda anapomeza. Sikiliza sauti yake baadaye. Ikiwa kama ina maji ndani, simama kwanza. Angalia saa pia. Mlo ukipita nusu saa kila siku, huo si ukaidi, kuna shida.

Na hili mlishike sana: watoto wengine hawakohoi hata chakula kikiingia njia ya pumzi. Kimya kisikudanganye. Homa za mara kwa mara, nimonia inayorudi na uzito usiopanda ni dalili za kumpeleka hospitali.

Sasa nina maonyo mawili. La kwanza ni kumlaza mtoto chali, kichwa kikiwa nyuma, na kummiminia uji. Mtoto hapati nafasi ya kujikinga, na njia ya pumzi iko wazi. Mketishe wima, kichwa kiiname mbele kidogo, nawe ukae mbele yake mkitazamana. Tumia kijiko kidogo, ukibonyeze taratibu juu ya ulimi, ungoje ameze ndipo ulete kingine. Wengi humeza uji mzito au viazi vilivyopondwa vizuri kuliko maji, lakini kila mtoto ana lake, kwa hiyo mtazame wako.

La pili ni kimio. Wako wanaosema mtoto hasemi kwa sababu kimio ni kirefu, basi kikatwe. Ndugu zangu, kukata kimio hakuleti maneno. Kunaweza kuleta damu isiyokoma na kidonda kinachooza, na wembe mmoja kwa watoto wengi unaweza kuleta virusi vya ukimwi. Mtoto asiyesema apimwe masikio kwanza. Pengine hasemi kwa sababu hasikii.

Najua mtaniuliza, mtaalamu yuko wapi? Ni kweli, wataalamu wa matamshi ni wachache hapa Kenya na wengi wako mijini. Lakini mnaweza kuanzia kwa muuguzi wa zahanati, au kwenye vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye ulemavu, vilivyoanza nchini mwaka 1984 chini ya idara ya elimu.

Mkienda, msiende mikono mitupu. Chukueni daftari la shule la mtoto mwingine, kurasa chache zinatosha. Andikeni kwa wiki moja: mlo ulichukua dakika ngapi, alipaliwa mara ngapi, kwa chakula gani, akiwa ameketi vipi. Asiyejua kuandika aombe mtoto wa shule amwandikie. Daktari atamwona mtoto kwa dakika chache. Wewe unamwona kila mlo. Bila maneno yako atakuwa anakisia.

Wahudumu wa afya, mkitembelea nyumba yenye mtoto kama huyu, msiishie kupima uzito. Ombeni kukaa mpaka wakati wa chakula, mtazame.

 Sasa maswali.