Jembe si Fimbo
(Mazungumzo na wazazi wa wilaya ya Bagamoyo)

Leo nataka tuzungumze juu ya watoto wetu wadogo na zana za bustani.

Siku moja nilimwuliza mjukuu wangu wa miaka sita, "Jembe ni la nini?" Akanijibu upesi, "Ni la watoto waliochelewa shule." Watu waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka. Mtoto alisema alichokiona. Kaka zake wakichelewa hupewa jembe walime, iwe adhabu yao.

Hata nyumbani tunafanya hivyo hivyo. Mtoto akikosa tunamwambia, "Chukua jembe, nenda ukalime!" Jamani, mtoto huyo atalipendaje jembe? Na jembe ndilo linalotulisha. Muhogo wetu, mpunga wa bonde la Ruvu, mananasi ya Kiwangwa, vyote vimetoka kwenye jembe. Katika Ngao ya Taifa letu limo jembe na limo shoka. Havikuwekwa pale kwa ajili ya kuadhibu watu. Vimewekwa kwa heshima ya kazi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba. Lakini alitaka pia wanafunzi waielewe kazi, washiriki kuipanga na waione faida yake. Kulima bila kuelewa si elimu.

Basi tuanze nyumbani. Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kujua jina la kila zana na kazi yake. Mpeleke bustanini asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwonyeshe zana moja moja. Taja jina lake, kisha ifanyie kazi mbele ya macho yake:

Jembe hulima na kupalilia.
Reki husawazisha tuta na kukusanya majani.
Panga hufyeka, tena hukata vipande vya miti ya muhogo vya kupanda.
Mundu hukata nyasi na kuvuna mpunga.
Shoka hukata miti na kupasua kuni.
Kopo la kumwagilia hutoa maji kidogo kidogo kama mvua, mbegu zisifukuliwe.

Halafu mwulize, "Je, tupalilie mchicha kwa shoka?" Akicheka, ujue ameelewa.

Vitendawili navyo vinasaidia. Mimi nilimtegea mjukuu wangu hiki: "Ana meno mengi lakini haumi." Akafikiri, akasema, "Reki. Lakini anauma, bibi, ukimlaza chali!" Kweli. Mtoto alinishinda. Reki iliyoachwa meno juu huchoma mguu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetukumbusha kuisimamisha ukutani.

Sasa, zana zipi ashike mwenyewe? Mpe kopo dogo. Litoboe wewe kwa msumari, tundu ndogo ndogo. Mpe na kijiti cha kuchora mistari ya kupandia. Panga, shoka na mundu avijue, lakini asivishike. Bomba la dawa, na salfa ya mikorosho, asivikaribie kabisa. Usimwambie tu, "Acha!" Mwambie sababu: "Hili hukata mti, hivyo litakata na kidole." Wewe unapolima, asimame mbali, jembe lisimfikie. Kazi ikiisha, osheni zana pamoja, kisha weka zenye makali juu, mahali asipofika.

Akijikata, usipuuze. Kidonda chenye udongo huweza kuleta pepopunda. Kioshe kwa maji safi na sabuni, halafu mpeleke mtoto zahanati.

Mtoto wa kike na wa kiume wafundishwe sawasawa. Mvulana naye ajue kupalilia, na msichana ajue kazi ya panga.

Lakini ndugu zangu, tusije tukapotoka. Kufundisha si kutumikisha. Mtoto mdogo akichoka, mwache akacheze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Inakataza pia kumpa mtoto kazi inayoumiza afya yake au kumnyima masomo.

Mimi na mjukuu wangu tulianza na tuta moja la mchicha. Mchicha hauchelewi, na mtoto hapendi kungoja. Nililima, yeye akachora mistari. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu, tukazimwaga polepole. Kila jioni alimwagilia kwa kopo lake. Baada ya wiki nne tulichuma, tukapika kwa nazi. Alikula akimwambia kila mtu, "Huu wangu!"

Juzi nimemwuliza tena, "Jembe ni la nini?" Amenijibu, "La mchicha wangu."



Tujadiliane
1. Nyumbani kwako, mtoto hupewa jembe wakati gani?
2. Zana zako zenye makali huziweka wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
3. Mwanao wa miaka mitano angeweza kupanda nini kwenye tuta moja?