Kamio Inazunguka Lakini Haiwaki
Masemi kwa wakulima wanaopeleka chakula kwenye miji ya mine

Wababa na wamama, na ninyi vijana munaoshika usukani, musikilize vizuri.

Mugini umelima. Mahindi yamevunwa, muhogo umekauka, unga umetiwa ndani ya magunia. Kule Likasi, Kolwezi na Kipushi watu wengi wa mine hawana shamba; wanangoja chakula chenu. Asubuhi mapema kamio ya zamani imejazwa. Shofere anageuza ufunguo: mashine inazunguka, lakini haiwaki. Anageuza tena, na tena, na tena. Nyuma ya muda kidogo bateri imekufa. Mvua inanyesha, unga unalowana, soko linapita. Hasara hii si ya shofere peke yake. Ni ya mugini wote.

Nani ameua bateri? Si ugonjwa wa kamio. Ni mukono usio na uvumilivu. Basi, sheria ya kwanza ni hii: usizungushe mashine zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ngoja dakika moja. Ikikataa mara tatu, acha ufunguo, fungua kifuniko, utafute sababu.

Mashine ni kama mbabula. Mbabula inataka makala, moto na upepo. Kimoja kikikosa, chakula hakiivi. Vilevile mashine inataka esanse, cheche na hewa. Kama inazunguka kwa nguvu, bateri na demareri ni vizima, usivisumbue. Tafuta kile kimoja kilichokosa. (Ninasema juu ya kamio ya esanse yenye karburatere. Ile ya mazuti haina buji. Dawa yake ni ingine.)

Kwanza, tangi. Usiamini mushale wa esanse, kwa maana katika kamio ya zamani mara nyingi unadanganya. Chukua kijiti kikavu na safi, ukiingize ndani ya tangi, uangalie kimelowa mpaka wapi. Wengine wamefungua mashine yote, na tangi lilikuwa tupu!

Pili, cheche. Fanya kazi hii mbele ya kufungua njia ya esanse, kusudi moto na esanse visikutane. Ondoa waya wa buji moja, uutie kwenye buji ingine iliyo kavu, na chuma cha buji hiyo kiguse chuma cha mashine. Ushike waya kwa kitambaa kikavu kinene, maana umeme wake unapiga sana. Mwenzako azungushe kidogo. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa ya manjano na hafifu, ao hakuna kabisa, ugonjwa uko upande wa umeme.

Hapo fungua kifuniko cha delko. Wakati wa mvua maji yanaingia humo usiku: pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, tafuta ufa, angalia nyaya zote za bobine kama zimekaza. Kisha angalia platine. Zikiwa nyeusi, zisugue polepole kwa tupa ndogo. Zinapofunguka kabisa, nafasi kati yao katika mashine nyingi za zamani ni karibu milimetre 0,4. Nafasi ikifungana, cheche inapotea.

Tatu, esanse. Cheche ikiwa nzuri, funga umeme, ondoa filtere ya hewa, uchungulie kinywa cha karburatere. Mwenzako akanyage pedali. Ukiona esanse inaruka kama mate, imefika. Usipoiona, fuata njia yake: filtere iliyojaa uchafu, mupira uliopasuka, pompe iliyochoka, ao kifuniko cha tangi ambacho tundu lake dogo limezibwa na udongo. Hewa isipoingia ndani ya tangi, esanse haitoki. Wakati wa kazi hii hakuna sigara, hakuna taa ya moto, na watoto wakae mbali.

Nne, esanse nyingi. Ondoa buji. Ikiwa imelowa na kunuka esanse, mashine imekunywa kupita kiasi. Kausha buji zote, uzirudishe, rudisha kifungo cha kufunga hewa, kanyaga pedali mpaka chini bila kuipiga-piga, kisha uzungushe kidogo.

Tano, hewa. Vumbi nyekundu ya njia zetu inaziba filtere. Ikung'ute, ama uisafishe kama ni ya mafuta.

Cheche ikiwa nzuri na esanse ikiwa imefika, lakini mashine inazunguka upesi na kwa wepesi kuliko siku zote, basi nguvu yake ya kukandamiza imepotea, ao mukanda wa ndani umekatika. Hapo uache. Ita makanisie.

Mutasema: haya ni kazi ya shofere, sisi tunajua jembe tu. Hapana. Magunia ni yenu. Mumusaidie kwa macho na kwa mikono, na mumuzuie asiue bateri. Na siku moja mbele ya soko, jioni, muwashe kamio ikiwa bado tupu. Ikikataa, mutakuwa na usiku muzima wa kutafuta, na unga wenu utabaki ndani ya nyumba, mukavu.